Can ya Cologne: vipindi vinne, uanze na kipi?

"Sikiliza Can" ni ushauri usiomsaidia mtu. Bendi hii ya Cologne, Ujerumani, ilianza 1968, ikasambaratika 1979, ikakutana tena kwa albamu moja iliyotoka 1989, na katika ile miaka kumi na moja ya kwanza ilibadilika mno. Aliyeipenda rekodi yao ya 1969 akisikilizishwa ya 1977 anaweza kula kiapo kwamba ni watu wengine. Wapo pia walioanza na albamu inayosifiwa kuliko zote, wakafika santuri ya pili, wakamkuta mtu anavuta silabi moja ndani ya mwangwi kwa dakika 17, wakazima. Hao hawajarudi mpaka leo, na wa kulaumiwa ni aliyewaelekeza.

Kwa hiyo hapa sipangi albamu kuanzia bora hadi mbovu. Naviweka vipindi vinne ubavu kwa ubavu, kwa vigezo vilevile, nawe utajijua unaangukia wapi.

Wenyewe ni nani

Mhimili ni watu wanne. Irmin Schmidt wa kinanda na Holger Czukay wa besi walisoma kwa Karlheinz Stockhausen, mtunzi aliyeongoza muziki wa kielektroniki Ujerumani baada ya vita, na walikuwa wamefika miaka 30 bendi ilipoanza, umri ambao kwenye roki ya wakati ule ulishahesabika uzee. Michael Karoli wa gita alikuwa mdogo wao kwa miaka kumi. Czukay alikuwa mwalimu wake. Jaki Liebezeit wa drams alitoka kwenye jazi huria, akiwa amechoka kupiga muziki ambao mdundo ukishapita haurudi.

Hawakuwa na kiongozi, na nyimbo zilisajiliwa kwa jina la bendi nzima. Hawakuingia studio na wimbo mkononi. Walipiga kwa saa nyingi huku mkanda unazunguka, kisha Czukay anakaa chini, anakata mkanda na kuunganisha vipande vilivyo hai. Ukisikia wimbo wao wa dakika 20, ujue umechujwa kutoka kwenye kitu kirefu zaidi.

Huwa wanawekwa kwenye kapu la roki ya progresivu, ile ya nyimbo ndefu zisizofuata ubeti na kiitikio, ingawa hawafanani sana na Waingereza wa kapu hilo. Hutawasikia wakishindana nani ana vidole vyepesi. Na hapa msikilizaji wetu ana nafuu: kama umekulia kwenye sebene, ambapo maneno yanakwisha na wimbo unabaki kwenye mzunguko mmoja wa gita na ngoma, huku utamu wote uko kwenye mabadiliko madogo, basi nusu ya somo umeshahitimu.

Vigezo

Natumia vitano. Mdundo: Liebezeit yupo kila kipindi, suala ni anaachiwa nafasi kiasi gani. Sauti: nani anaimba, na amewekwa mbele au nyuma. Studio: walirekodije, maana kwa bendi hii mtambo ulibadilisha muziki pengine kuliko watu. Subira: nyimbo ni ndefu kiasi gani, na zinachelewa vipi kukulipa. Mwisho mlango, yaani wimbo mmoja wa kujaribia kabla hujachoma bando.

Jambo moja la vifaa, linahusu vipindi vyote. Usiwahukumu kwa spika ya simu. Besi ya Czukay ina noti chache na zote ziko chini. Spika ile inazimeza, unabaki na mlio wa matoazi na mtu anayepiga kelele. Hedifoni za bei ya kawaida zinatosha.

Kipindi cha Malcolm Mooney, 1968 hadi 1970

Mooney alikuwa mchongaji, Mmarekani mweusi kutoka New York. Hakuwa mwimbaji wa kazi. Bendi ilikuwa inajifungia kwenye Schloss Nörvenich, ngome ya kale nje ya Cologne, na ujio wake ndio uliowageuza wasomi wale kuwa bendi ya roki.

Mdundo wa kipindi hiki ni mzito, wa haraka, na haujapigwa pasi. Liebezeit anagonga kwa nguvu kuliko atakavyogonga baadaye, na Mooney anamfuata. Ndiyo sababu sauti hapa ni chombo cha kupigwa: anashika sentensi moja, anairudia, anaivunja, anaigeuza mpaka inabaki sauti tupu. "Yoo Doo Right", wimbo wa dakika 20 unaochukua upande mzima wa Monster Movie (1969), unatokana na barua aliyoandikiwa na mpenzi wake. Anaisoma, anaiimba, anaifokea, mpaka huwezi tena kusema kama anaomba au analalamika.

Studio ilikuwa ya mkono mtupu, na inasikika. Rekodi ina vumbi. Wanaopenda sauti safi watakereka.

Subira inayotakiwa ni ya wastani: albamu ina nyimbo nne tu, na tatu za mwanzo si ndefu kwa viwango vyao. Mlango ni "Father Cannot Yell", dakika saba zinazoanza mbio na kumaliza mbio.

Mooney hakudumu. Afya ya akili ilimwelemea, akarudi Marekani kwa ushauri wa daktari. Nyimbo zao za mwanzo kabisa, zilizokataliwa na kampuni za rekodi, zilikuja kutoka 1981 kwa jina Delay 1968. Ni nzuri, lakini zinamnogea aliyekwisha kumzoea mwimbaji huyu.

Kinamfaa mpenzi wa roki ya gereji, ya jasho, anayetaka kusikia watu wamo chumbani. Kinamfaa pia anayependa kusikiliza mwimbaji akihangaika kweli. Hakimfai anayetafuta muziki wa kufanyia kazi nyingine pembeni. Mooney hakuachi ufanye kazi.

Kipindi cha Damo Suzuki, 1970 hadi 1973

Mwaka 1970, Czukay na Liebezeit wakiwa wamekaa mkahawani Munich, walimwona kijana wa Kijapani akiimba barabarani. Walikuwa na onyesho usiku uleule na hawana mwimbaji. Wakamwalika, naye akapanda jukwaani bila mazoezi hata ya dakika moja. Inasimuliwa kwamba alianza kwa upole, halafu akalipuka, na ukumbi mwingi ukatoka nje.

Hiki ndicho kipindi ambacho watu hukitaja wakisema "Can", na ndicho kinachowapoteza wageni, kwa sababu ndani yake mna bendi tatu. Nitakaa hapa zaidi.

Tago Mago (1971) ni santuri mbili. Ya kwanza ni ya watu, ya pili ni ya majini. Kwenye ya kwanza kuna "Halleluhwah", dakika 18 na ushei, na hapa ndipo pa kumsikilizia Liebezeit. Hesabu mzunguko mmoja wa drams zake mwanzoni, uushike kichwani. Kisha acha wengine wapite: gita linaingia na kuondoka, kinanda kinajaribu jambo, sauti inanong'ona kisha inapiga kelele. Dakika ya kumi rudi kwenye drams. Mzunguko uleule upo, ila ameusogeza kidogo, pigo moja limeongezwa hapa, limepunguzwa pale, na hukumbuki lilibadilika lini. Santuri ya pili ndiyo yenye "Aumgn", ile ya silabi na mwangwi, ambayo anayeivuta ni Schmidt, si Suzuki. Mimi huirudia mara chache, na sioni aibu kusema hivyo.

Kisha wakahama. Ukumbi wa zamani wa sinema pale Weilerswist ukawa studio yao, wakafunika kuta kwa magodoro ya jeshi ili sauti isirudi. Hapo muziki ukakauka, kwa maana nzuri: kila pigo linasikika karibu, halina mwangwi wa ngome. "Spoon", wimbo mfupi waliotengenezea tamthilia ya upelelezi ya televisheni, ukafika nafasi ya 6 kwenye chati za Ujerumani. Ndani yake mtambo wa kutoa midundo unacheza pamoja na Liebezeit mwenyewe, na kutenganisha nani ni nani ni zoezi la kufurahisha. Wimbo huo unafunga Ege Bamyasi (1972), ile yenye picha ya kopo la bamia kwenye jalada, albamu yenye nyimbo saba ambazo nne zinakwisha kabla ya dakika tano. Mmoja tu, "Soup", unavunja vyombo.

Halafu Future Days (1973). Nyimbo nne, dakika arobaini, na sauti imezama. Suzuki haongozi tena. Yumo ndani ya maji pamoja na wengine, huwezi kushika maneno na wala huyahitaji. Liebezeit anapiga kwa ncha za fimbo. "Bel Air" unachukua upande mzima na unakwenda na kurudi bila haraka.

Sasa kwa vigezo. Mdundo: hapa ndipo drams zilipopewa nafasi kubwa kuliko wakati wowote, kwa sababu wengine wote walijifunza kunyamaza. Sauti: Kiingereza, Kijapani na maneno yasiyo ya lugha yoyote, kwenye "Oh Yeah" sehemu ya sauti inachezwa kinyumenyume. Ukiwa mtu wa mashairi, wa kufuatilia ubeti kama kwenye taarabu, utabaki na kiu. Studio: njia mbili tu za mkanda. Maana yake wote wanapiga kwa pamoja, na ukikosea mwenzako hawezi kufuta kosa lako peke yake. Nidhamu yote ya kipindi hiki imetoka kwenye ufukara huo wa vifaa. Subira: Tago Mago inadai nyingi, Future Days inadai nyingi ya aina nyingine, Ege Bamyasi haidai sana.

Mlango, kwa hiyo, ni "Vitamin C", dakika tatu na nusu zinazoanza na drams peke yake. Usipotikisa kichwa ndani ya nusu dakika ya kwanza, ruka kipindi hiki bila kinyongo.

Kinamfaa mtu wa ngoma, mtayarishaji wa midundo anayetafuta mizunguko ya kujifunzia, na anayesikiliza usiku akiwa peke yake. Hakimfai anayetaka kuelewa kinachoimbwa.

Suzuki aliondoka 1973, akajiunga na Mashahidi wa Yehova. Miaka mingi baadaye alirudi kwenye muziki, akawa anazunguka duniani na kupanda jukwaani na wapigaji wa kila mji aliofika, mtindo uleule wa bila mazoezi, mpaka alipofariki Februari 2024.

Kipindi cha kukosa mwimbaji, 1974 hadi 1976

Hawakumpata wa kuziba pengo, wakagawana: Karoli akaimba kwa kunong'ona, mara nyingine Schmidt. Soon Over Babaluma (1974) ni mwendelezo wa Future Days ila wenye nafasi tupu pale alipokuwa Suzuki, na pengo lile wengine wanalipenda. "Dizzy Dizzy" una fidla ya Karoli juu ya mdundo unaoyumba kuelekea rege.

Mwaka uliofuata ndipo mtambo ulipobadilika. Landed (1975), walipokuwa wamehamia kampuni ya Virgin, ilirekodiwa kwa njia 16. Sasa kila mmoja angeweza kurudi peke yake na kurekebisha sehemu yake, na ndivyo ilivyokuwa. Sauti ikawa safi, gita likawa mbele, na kile kitendo cha watu wanne kusikilizana kwa lazima kikalegea. Wapo wanaosema bendi ilikufa pale. Mimi naona ilihama: kutoka bendi inayopiga kwenda bendi inayopanga.

Tunda la kupanga huko ni "I Want More" wa Flow Motion (1976), disko tupu, uliofika nafasi ya 26 Uingereza na kuwapeleka kwenye Top of the Pops ya BBC. Mdundo ni mwepesi na wa kuchezeka. Sauti ni ya kundi, inarudia mstari, inaeleweka. Subira inayotakiwa ni ndogo, isipokuwa nusu ya pili ya Soon Over Babaluma, ambapo "Chain Reaction" na "Quantum Physics" zinafuatana bila huruma. Mlango ni huohuo "I Want More". Ukitaka upande wa pili wa kipindi, "Dizzy Dizzy".

Kinamfaa anayetaka Can ya sebuleni, ambayo mgeni hataomba ubadilishe. Kinamfaa pia mpenzi wa rege mwenye hamu ya kusikia Wajerumani wakiijaribu kwa heshima, bila kuigiza lafudhi sana. Aliyemjia Mooney hapa atasinzia.

Wakati huohuo jukwaani walikuwa kitu kingine. Live in Stuttgart 1975, iliyotoka 2021, haina mwimbaji kabisa na haina nyimbo unazozijua. Wanapiga tu, wanatafuta, wanapata. Ukiisikiliza baada ya Landed hutaamini ni mwaka mmoja.

Kipindi cha Rosko Gee na Reebop, 1977 hadi 1979

Wakaja wawili waliotoka kwenye bendi ya Uingereza ya Traffic: Rosko Gee, Mjamaika mpiga besi, na Reebop Kwaku Baah, Mghana mpiga tumba. Czukay akamkabidhi Gee besi, yeye akashika redio ya masafa mafupi na mikanda, akawa anaokota sauti za mbali na kuzitumbukiza katikati ya wimbo. Kwa 1977 hilo lilikuwa jambo la ajabu. Leo kila mtayarishaji mwenye kompyuta analifanya.

Mdundo hapa ndio wenye mjadala. Kwa mara ya kwanza Liebezeit ana mwenzake wa ngoma. Sikio lililozoea tumba kwenye dansi litafurahi mara moja, maana mapengo ambayo Liebezeit huyaacha wazi, Reebop anayajaza. Sikio lililompenda Liebezeit kwa ajili ya mapengo hayo litasikia msongamano. Wote wawili wako sahihi, na hakuna namna ya kuwapatanisha. Besi ya Gee nayo inatembea na kuimba, kinyume kabisa na ya Czukay iliyokuwa inasimama mahali pamoja.

Sauti ni laini, ya kawaida, haikumbukwi sana. Studio ni ya kisasa na safi. Subira haihitajiki nyingi, ukiacha "Animal Waves" ya dakika 15, ambayo ndiyo kazi nzito ya Saw Delight (1977) na mahali ambapo redio ya Czukay inafanya kazi iliyokusudiwa. Mlango ni "Don't Say No", wa kuchezeka, unaokumbusha "Moonshake" wa Future Days.

Baada ya hapo Czukay akatoka. Out of Reach (1978) imepigwa bila yeye, na wenyewe waliitenga na matoleo yao mapya kwa miaka mingi. Huna haja ya kuanzia huko. Albamu ya 1979 inayobeba jina la bendi ina dakika kadhaa nzuri, na Czukay amerudi ndani yake kama mkataji wa mikanda tu.

Kinamfaa aliyetoka kwenye muziki wa Afrika Magharibi, Karibi au jazi ya kuchezeka, anayeiona roki kuwa kavu. Aliyekuja kwa ajili ya fujo asijisumbue.

Sasa wewe

Kama una saa moja tu na hujui unapenda nini, usisikilize albamu. Piga "Father Cannot Yell", "Vitamin C", "I Want More" na "Don't Say No" kwa mfululizo huo. Hazifiki dakika 25 zote pamoja. Ule utakaotaka kuurudia umeshakuchagulia kipindi.

Kama ni mpiga ngoma au unatengeneza midundo, nenda Ege Bamyasi kwanza, halafu "Halleluhwah", halafu ndiyo uingie Tago Mago yote. Ukifika santuri ya pili ukachoka, zima, hakuna mtihani.

Kama unasikiliza kwenye daladala au ukiwa kazini, Future Days itapotea kwenye kelele za njiani. Iache mpaka usiku. Mchana chukua Flow Motion.

Kama umewahi kujaribu Can ukashindwa, kumbuka ulishindwa na ipi. Aliyeshindwa na fujo za Tago Mago ajaribu Soon Over Babaluma au Saw Delight. Aliyeona wamepoa mno kwenye Flow Motion arudi nyuma hadi Monster Movie.

Kama unamnunulia mtu santuri na hujui ladha yake, Ege Bamyasi ina hatari ndogo kwa sababu ya ufupi wake. Akiwa mtu wa rumba na dansi, mpe Saw Delight. Kwa mwenye hofu ya kelele, kuna Soundtracks (1970), ya nyimbo za filamu, ambamo waimbaji wote wawili wamo: anza na "She Brings the Rain" wa Mooney, mtulivu kiasi kwamba hata wazazi wataupitisha, kisha usogee kwenye "Mother Sky" wa Suzuki, dakika 14, mlango ukiwa umefungwa.

Na kama tayari unavijua vipindi vyote vinne na unatafuta kilichobaki, mwaka 1989 Mooney alirudi kwao kwenye Rite Time. Ni albamu ya marafiki waliozeeka kwa amani. Baada ya hapo chukua Live in Paris 1973 uisikilize kabla ya ile ya Stuttgart: miaka miwili imepita kati ya maonyesho hayo, mwimbaji mmoja amepungua, na utasikia ni kazi kiasi gani Karoli alilazimika kuibeba kwa gita peke yake.